Nguruwe Elfu Mbili na Mtu Mmoja



Katika Injili ya Marko, sura ya 5, twasoma habari za mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini. Habari hii tumeihubiri mara nyingi, na kwa kawaida tunahubiri juu ya pepo waliomtoka. Mwezi huu tungependa kuitazama kwa upande wa majirani zake, maana katika habari hii majirani ndio wanaofanana nasi.

Tazameni kwanza walivyomtendea kabla Bwana hajafika. Marko anasema mtu yule alikuwa amefungwa mara nyingi kwa pingu na kwa minyororo. Minyororo haioti shambani, ndugu. Ni kazi ya mhunzi, na mhunzi hulipwa. Basi mji ule ulikuwa na fungu la fedha kwa ajili ya mgonjwa huyu, nalo lilitumika kununua chuma. Alipoikata minyororo wakanunua mingine, na mwisho wakachoka wakamwachia makaburi. Usiku na mchana alipiga kelele na kujikata kwa mawe, na watu wa mjini walilala usingizi wao.

Kisha Bwana akaja, mtu akapona, na kundi la nguruwe wapata elfu mbili likateremka kwa kasi likafa baharini. Habari ikaenda mjini. Watu wakatoka, wakamwona yule waliyemjua ameketi, amevaa nguo, ana akili zake timamu. Tungetazamia washangilie. Marko anasema waliogopa. Nao walipokwisha kusimuliwa habari za mtu na habari za nguruwe, wakamsihi Yesu aondoke mipakani mwao. Angalieni jinsi mambo hayo mawili yalivyosimuliwa kwa pamoja: upande huu mtu mmoja, upande huu nguruwe elfu mbili. Wakapiga hesabu, na kwa hesabu yao uponyaji ule ulikuwa wa ghali mno.

Mtu asituelewe vibaya. Hatusemi kwamba kila mgonjwa wa akili ana pepo. Mathayo katika sura ya 4, mstari wa 24, anawataja wenye pepo na wenye kifafa mbali mbali, kila mmoja kwa jina lake, na sisi hatuna ruhusa ya kuwachanganya pale ambapo Injili imewatenganisha. Tunalotaka kusema mwezi huu ni jambo la hesabu. Tunasema kwamba serikali yetu inapaswa kuongeza fedha za kutibu magonjwa ya akili, na kwamba sisi Wakristo tuwe tayari kuwa miongoni mwa wanaolipa.

Sisi wa Dodoma hatuna udhuru wa kutojua. Hospitali ya Mirembe ilianzishwa mwaka 1927, mwaka ule ule Dayosisi yetu ya Central Tanganyika ilipozaliwa. Ni kama pacha waliolelewa katika mji mmoja. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa karne ya 20, ndugu zetu wa Kilutheri kule Lutindi katika milima ya Usambara walikwisha kuanza kuwapokea wagonjwa wa akili, katika nyumba iliyojengwa kwanza kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba shida hii ni mpya, au kwamba kanisa halikuiona.

Lakini angalieni jina la Mirembe lilivyotendewa. Mtu akigombana na mwenzake sokoni humwambia, "Wewe ni wa Mirembe." Wakenya husema Mathari, Waganda husema Butabika, na Zanzibar husema Kidongo Chekundu. Hatujapata kusikia mtu akitukanwa kwa jina la hospitali ya macho. Na jambo linalotukanwa haliombewi fedha kwa urahisi. Mbunge anayesimama kuomba barabara hupigiwa makofi. Anayesimama kuomba sindano za wagonjwa wa akili huchekwa kidogo kwanza. Tena Bunge lenyewe sasa linakaa hapa hapa Dodoma, na bajeti ya nchi husomwa katika mji ule ule yalimo malango ya Mirembe.

Hata hivyo wagonjwa wengi hawako Mirembe. Wako vijijini, majumbani mwetu, wengine nyuma ya nyumba. Chukueni mfano wa kijana wa miaka 22 anayeanza kusikia sauti. Mwanzoni watu husema ni bangi. Kisha wanasema amerogwa, na baba anatoa mbuzi wawili kwa mganga. Mganga wa pili anataka ng'ombe. Baadaye yanafuata maombi ya usiku, na miaka miwili inapita kabla mtu mmoja hajasema, "Mpelekeni hospitali." Huko anapewa dawa, na baadaye sindano moja kwa mwezi. Kijana analala usiku, anakula, anashika jembe, anakuja kanisani na kuketi benchi la tatu. Mwezi wa nne wanafika zahanati na sindano hakuna. Muuguzi, ambaye si mkosaji, anaandika kikaratasi wakanunue dukani mjini. Kuna nauli ya kwenda na kurudi, kuna bei ya dawa, na mtama bado haujavunwa. Wanasema watanunua mwezi ujao. Mwezi wa sita zile sauti zimerudi, kijana ameichoma moto nyumba ya jirani, polisi wamekuja, na aliporudi kutoka mahabusu ndugu zake wamemfunga mguu kwa kamba kwenye nguzo ya zizi.

Kila mchungaji wa dayosisi hii anaweza kutaja wawili watatu wa namna hiyo, na kila mmoja wenu anamjua angalau mmoja.

Sasa na tuhesabu kama Wagerasi walivyohesabu, ila tusiache kitu. Sindano haikuletwa, na katika vitabu inaonekana fedha zimeokolewa. Kweli hazikuokolewa. Zilitumika mbuzi wawili na ng'ombe mmoja, zikatumika siku za polisi na chakula cha mahabusu, ikateketea nyumba ya jirani pamoja na ghala lake, na mama wa kijana ameacha kulima misimu mitatu kwa sababu hawezi kumwacha mwanawe peke yake. Hiyo ni bajeti isiyosomwa Bungeni. Walipaji wake wakubwa ni kina mama, na hakuna anayewaandikia risiti.

Mwezi Septemba mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba serikali za dunia, zikichukuliwa kwa jumla, hutoa asilimia 2 tu ya fedha zao za afya kwa ajili ya afya ya akili, na kwamba kiwango hicho hakijasogea tangu mwaka 2017. Maana yake, katika kila shilingi mia za afya, shilingi mbili. Tena fedha hizo hazikugawanywa sawa: nchi tajiri hufikia dola 65 kwa mtu mmoja kwa mwaka, na nchi zilizo maskini kabisa hushuka hadi senti 4 za dola. Senti 4 za dola ni kama shilingi mia moja ya kwetu. Kwa shilingi mia moja mtoto atanunua andazi dogo, naye atarudi akiwa na njaa. Shirika hilo hilo linasema watu zaidi ya bilioni moja duniani wanaishi na matatizo ya akili ya namna moja au nyingine, na kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua.

Wataalamu wake walisema pia, mwaka 2016, kwamba kila dola moja inayotumiwa kutibu huzuni kubwa na wasiwasi uliopita kiasi hurudisha dola nne, kwa sababu watu wanapata afya na kurudi kazini. Hoja ya namna hii hatuipendi sana, maana yuko mgonjwa ambaye hatafanya kazi tena maisha yake yote, naye ni mfano wa Mungu kama sisi. Lakini kwa kuwa wapangaji wa bajeti huipenda, basi na waichukue.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba serikali yetu haikulala usingizi. Tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Sera ya nchi inawahesabu wagonjwa wa akili kati ya wale wanaosamehewa ada katika hospitali za umma. Na wazee watakumbuka kwamba katika miaka ya 1980 serikali, ikisaidiwa na Denmark na Shirika la Afya Duniani, ilijaribu mpango katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro: wahudumu wa vituo vya kawaida walifundishwa kutambua na kutibu magonjwa ya akili na kifafa karibu na nyumbani kwa mgonjwa, pasipo kumsafirisha kwenda mbali. Mpango ule ulikuwa wa busara, na busara yake haijapitwa na wakati. Kinachopungua ni fedha. Msamaha wa ada ulioandikwa ukutani haujazi kabati la dawa, na mgonjwa aliyesamehewa malipo ya dawa isiyokuwapo hakusamehewa kitu. Tena fedha za mgeni huondoka na mgeni. Mwaka 2025 tuliona jinsi Marekani ilivyokata misaada yake mingi ya afya kwa ghafula, nchi nyingi za Afrika zikabaki zimeshika kichwa. Ugonjwa unaokaa na mtu miaka thelathini hauwezi kutegemea msaada wa miaka mitano. Ndiyo sababu tunasema fedha hizi zitoke katika kodi zetu wenyewe.

Ndugu, tukumbuke ukoma. Hapa kwetu kanisa liliendesha kituo cha wenye ukoma kule Hombolo, na wako wazee waliojua jinsi watu walivyokuwa wakitengwa, mke na mume, mama na mtoto. Mahubiri juu ya wenye ukoma yamehubiriwa tangu enzi za Mitume, nayo ni mazuri, hatuyadharau. Lakini mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa zitolewe kwa mchanganyiko, na tangu mwaka 1995 dawa hizo zimekuwa zikitolewa bure duniani kote. Leo mwenye ukoma hutibiwa akiwa nyumbani kwake, analala kitandani mwake. Malango ya makambi yalifunguliwa kwa vidonge, na vidonge vile vililipiwa. Hofu iliyokuwa mioyoni mwa watu ilipungua walipoona mtu anapona mbele ya macho yao. Kabla ya hapo maneno mazuri hayakuipunguza sana. Sisi tunaamini kwamba aibu ya ugonjwa wa akili nayo itapungua kwa njia hiyo hiyo. Kijana akiwa benchi la tatu kila Jumapili, mwaka baada ya mwaka, mwisho watu watasahau kumwogopa. Lakini ili awe pale, sindano iwepo.

Watu wazuri kabisa hutuuliza: Mnaombaje fedha za magonjwa ya akili wakati watoto wanakufa kwa malaria na kina mama wanakufa kwa uzazi? Swali hili si la kuchekwa, na hatutaki kulijibu kwa haraka. Jibu moja ni kwamba watu hao mara nyingi ni wale wale. Mama aliyejifungua salama huweza kushikwa na ugonjwa wa akili baada ya uzazi, asimtambue mtoto wake wala asimnyonyeshe. Mwenye virusi vya UKIMWI aliyezama katika huzuni huacha kumeza dawa zake, na fedha zilizonunua dawa hizo zimemwagwa. Lakini jibu hilo halimalizi swali, nasi hatutawadanganya. Fungu likiongezwa hapa, kuna kitu kingine kitakachosubiri. Huenda ni barabara tunayoitamani sisi wenyewe. Huenda ni magari ya ofisi, na hayo tungeyaacha yasubiri kwa furaha! Lakini huenda ni kitu chema kweli. Nguruwe wale hawakuwa wa mchezo. Walikuwa mali ya watu na chakula cha nyumba nyingi. Bwana hakusema hawana thamani. Ila hakukubali kwamba thamani yao ni kubwa kuliko ya mtu aliyekaa makaburini.

Wala hatuombi majumba marefu. Tunaomba dawa zisikatike katika vituo vya afya na zahanati, zile za kawaida za ugonjwa wa akili na kifafa, ambazo nyingi ni dawa za zamani na si ghali kama watu wanavyodhani. Tunaomba kila kituo kiwe na mtumishi mmoja aliyefundishwa kazi hii, tena asihamishwe mara tu anapoizoea. Tunaomba pikipiki ya kumfuata mgonjwa asiyekuja. Mirembe yenyewe na ipewe ya kuitosha, ibaki kwa wale wasioweza kutibiwa karibu.

Wengine husema kazi hii ni ya kanisa na ya ukoo, serikali isisumbuliwe. Msomeni Msamaria katika Luka 10. Alimwaga mafuta na divai kwa mkono wake mwenyewe, akampandisha juu ya mnyama wake. Hiyo ni kazi yetu, na hakuna serikali itakayotufanyia. Lakini kesho yake alitoa dinari mbili, yaani ujira wa siku mbili kwa kipimo cha Mathayo 20, akampa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa kitakachozidi. Hatusomi kwamba mwenye nyumba aliambiwa ajitolee. Huruma yenye kudumu inahitaji nyumba, na mtu wa kuitunza, na mshahara wa mtu huyo. Ukoo uliochoka hauwezi kuwa hospitali.

Na kwa wahubiri wanaomwambia mgonjwa atupe dawa zake ili kuonyesha imani, twasema kwa upendo na kwa ukali: acheni. Someni 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa nabii wa kweli, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena mara ya pili. Sauti ya Mungu ilikuja baada ya siku nyingi, nabii alipokwisha kupata nguvu ya mwili. Aliyekuja na mkate alikuwa ametumwa na Mungu, na muuguzi mwenye sindano naye tunamhesabu hivyo.

Linabaki neno moja gumu, nalo ni juu yetu. Tunapodai serikali iongeze fedha, fedha hizo ni za nani? Mtume Paulo katika Warumi 13 anataka kila mtu alipe kodi apasiwaye kulipwa kodi. Mwenye duka anayeimba kwaya Jumapili na kuuza bila risiti Jumatatu ameshika mkononi mwake sindano ya mtu. Naye anayenunua na kukubali kupunguziwa bei ili asipewe risiti wanagawana. Nguruwe wengine ni wa serikali, lakini wengine ni wetu, na tusimsihi Bwana aondoke mipakani mwetu wanapoanza kuteremka.

Marko anamaliza habari yake kwa jambo ambalo mara nyingi tunalipita. Mtu aliyeponywa alitaka kufuatana na Yesu katika chombo. Ni haki yake. Nani angependa kubaki na watu wale? Bwana akakataa, akamrudisha nyumbani kwa watu wake. Kwa hiyo Wagerasi hawakuachwa na nguruwe waliokufa tu. Waliachiwa pia jirani mzima wa akili, wa kumpa mahali pa kulala, shamba la kulima na, tunadhani, mke wa kuoa. Hilo nalo lina gharama, na halimo katika bajeti ya wizara yoyote.

Halmashauri ya mtaa imekubali kumwandikia Mbunge wetu na Diwani kabla bajeti ijayo haijasomwa, tukiomba mambo yale yale tuliyoyataja hapo juu. Barua itakuwa mezani katika ofisi ya mtaa Jumapili tatu mfululizo baada ya ibada zote mbili. Wanaojua kuandika waandike majina yao, wasiojua waweke dole gumba. Wazee wa kanisa wanaosimamia meza wameombwa wasimwulize mtu yeyote kama ana mgonjwa nyumbani. Wale wanaohitaji nauli ya kwenda kliniki mwezi huu wamwone mchungaji au mwenyekiti wa Umoja wa Mama, siku yoyote, hata jioni.